Helmeti ya uso mzima na helmeti ya kugeuka: tofauti yake kwa baiskeli ya milimani

Helmeti ya kawaida ya baiskeli ya milimani hufunika utosi, kisogo na pande za kichwa mpaka karibu na masikio. Uso unabaki wazi. Kwa njia za mteremko mpole hilo halina neno. Lakini anayeshuka kwa kasi kwenye mawe na mizizi huanguka kwa namna yake: gurudumu la mbele linakwama, la nyuma linanyanyuka, na mwili unatupwa juu ya usukani huku mikono bado imeushikilia. Kwa kuwa mikono haikuwahi kutangulia, kinachofika chini kwanza ni kidevu, meno au pua. Helmeti ya uso mzima na ile ya kugeuka zimetengenezwa kwa ajili ya ajali hiyo hasa, na zote zina kinga ya kidevu, yaani ule upinde unaopita mbele ya taya.

Kwenye helmeti ya uso mzima, kinga hiyo ni sehemu ya ganda lenyewe. Haifunguki wala haitoki. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ya motokrosi, zile mbio za pikipiki za njia mbovu, ila ni nyepesi zaidi na ina matundu mengi ya hewa. Kwa miaka mingi ilikuwa kofia ya watu wa mbio za kuteremka, wanaopandishwa mlimani kwa gari au kwa lifti ya kamba kisha kazi yao ni kushuka tu. Katika mbio hizo, kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, zinamlazimu mshindani kuivaa kwenye mazoezi rasmi na kwenye shindano lenyewe. Uzito wake ulikuwa wa kilo moja au zaidi, na hakuna aliyelalamika sana, maana hakuna aliyepanda nayo akikanyaga.

Mambo yalibadilika enduro iliposhika kasi. Huko mwendeshaji hupanda kwa miguu yake mwenyewe, na sehemu zinazopimwa muda ni za kushuka. Anahitaji kinga ya mtu anayeteremka, na hewa ya mtu anayepanda. Helmeti ya kugeuka ni jibu la kwanza la tatizo hilo: moja inayovaliwa kwa sura mbili. Unapanda ikiwa wazi, ukifika juu unapachika kinga ya kidevu, unashuka. Watengenezaji wa helmeti, Giro, walijaribu wazo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa helmeti yao ya Switchblade, wakalirudia upya mwaka 2016. Kampuni ya Bell nayo ina familia ya Super, ambayo kinga yake hushikwa na vibanio, hivyo inaweza kutolewa na kurudishwa helmeti ikiwa bado kichwani. Kampuni ya MET imetumia sumaku.

Aliyezoea helmeti za pikipiki asichanganye hapa. Ile ya pikipiki ambayo mbele yake inanyanyuliwa juu hubaki na sehemu zake zote. Hii ya baiskeli kinga yake inatoka kabisa, na ikishatoka inatakiwa iwekwe mahali. Kwenye begi dogo la mgongoni inachukua nafasi ya koti na chakula. Ukiifunga nje ya begi inagonga matawi na kukusanya tope, na tope hilohilo ndilo litakaloziba mashimo ya vibanio utakapofika juu ukiwa na glavu mkononi na wenzako wameshaanza kushuka. Ukishaibana, ivute kwa nguvu mbele na chini. Kibanio kimoja ambacho hakikulia "ta" kinatosha kuifanya kinga iwe pambo.

Sasa suala la viwango, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko umbo. Watu hudhani kila kofia yenye kinga ya kidevu imepimwa kidevuni. Sivyo. Kiwango cha CPSC cha Marekani na EN 1078 cha Ulaya ni vya helmeti za kawaida za baiskeli: vinapima ganda na povu la juu, mkanda na jinsi helmeti inavyokaa kichwani. Kinga ya kidevu haimo. Kiwango kinachoigusa ni ASTM F1952, kilichoandikwa kwa ajili ya mbio za kuteremka, na ndani yake kuna jaribio la kuigonga kinga ya kidevu kuona kama itabonyea kupita kiasi au kuvunjika. Kwa hiyo helmeti mbili zinazofanana dukani zinaweza kuwa mbali sana. Ndani ya familia ileile ya Bell, Super DH inakidhi F1952, lakini Super 3R, ambayo nayo ina kinga ya kutoa, iliuzwa kwa CPSC na EN 1078 pekee. Kinga isiyopimwa bado itakuepusha na mikwaruzo na pengine itaokoa meno, ila usiilinganishe na ile ya mteremko mkali. Geuza helmeti, soma kibandiko kilichopo ndani kwenye povu. Muuzaji akikwambia "ni imara tu," msomee kibandiko.

Ukweli huo unaua usemi kwamba ya uso mzima daima ni salama kuliko ya kugeuka. Ya kugeuka iliyofaulu F1952 ikiwa na kinga yake imepita kipimo kilekile. Tofauti inayobaki ni kwamba kinga ya moja haiwezi kusahaulika nyumbani na ya nyingine inaweza.

Kuhusu uzito kuna jambo linaloshangaza wengi. Helmeti nyepesi za uso mzima za siku hizi, kama Fox Proframe iliyotoka 2017 na zilizoifuata, huwa kati ya gramu 650 na 850. Za kugeuka, zikiwa na kinga, nyingi ziko kati ya 750 na 1000, kwa sababu vibanio na sehemu za kupachikia zinahitaji plastiki na povu la ziada. Yaani ile inayouzwa kama ya kupunguza mzigo mara nyingi ndiyo nzito zaidi wakati wa kushuka. Faida yake iko kwenye kupanda tu, na hata hapo, ikiwa wazi, bado ni nzito kuliko helmeti ya kawaida ya gramu 300 hadi 400.

Joto ni hoja ya haki zaidi. Unapopanda polepole hakuna upepo wa kupita kwenye matundu hata yawe mengi kiasi gani, pumzi yako inarudi usoni na miwani inaingia ukungu. Kwa mpando wa dakika ishirini mtu huvumilia. Kwa wa saa mbili juani, ataivua na kuining'iniza kwenye usukani, na hapo atapanda kichwa wazi.

Basi chaguo linategemea unavyofika juu. Anayepandishwa kwa gari au lifti achukue ya uso mzima yenye F1952, wala asipoteze muda na nyingine. Anayepanda mwenyewe lakini mipando yake ni mifupi, au anayekwenda njia za enduro kila mara, ningemwelekeza kwenye ya uso mzima nyepesi. Hizo zimekula sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya helmeti za kugeuka. Ya kugeuka ina mtu wake: yule mwenye helmeti moja tu kwa kila kitu, leo njia laini na rafiki, kesho mlima mrefu, wiki ijayo mteremko wa kutisha. Na awe mtu wa nidhamu, kwa sababu ajali nyingi haziji pale palipoonekana pabaya.

Iwe ipi, ijaribu vizuri. Mito ya mashavu ibane mpaka mashavu yajisukume kidogo mbele, bila kuumiza. Tikisa kichwa: ngozi ya uso isogee pamoja na helmeti. Kisha isukume kinga kuelekea mdomoni kwa kiganja; ikigusa midomo, ni kubwa mno au umbo lake si lako. Jaribu hivyo ukiwa na miwani utakayotumia, maana fremu nyingi hugombana na mito hiyo.

Povu la ndani hulinda kwa kupondeka, na aina ya EPS inayotumika kwenye helmeti nyingi hupondeka mara moja tu. Baada ya pigo la maana, helmeti imekwisha hata kama rangi haijachubuka. Kwa ya kugeuka, pigo lililotua kwenye kinga limepita pia kwenye vibanio na kwenye ganda vilipofungwa, hivyo kununua kinga mpya na kuipachika kwenye ganda lilelile hakutoshi.