Dakika tano hazijazi betri ya gari

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi, eti ukishabusti gari, yaani kuliwasha kwa nyaya kutoka betri ya gari jingine, acha injini ingurume dakika tano, betri imejaa, zima uendelee na mambo yako. Siyo kweli jamani. Betri iliyokufa inataka masaa, na oltaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta inatoa umeme kidogo, na huohuo unagombaniwa na taa na feni.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ukizima ukawasha hapohapo linawaka, kumbe ule ni umeme wa juujuu, kesho asubuhi unasikia tik tik tik basi.

Unataka uhakika? Chukua mita ya volti, pima betri gari likiwa limelala limezimwa: volti 12.6 hivi imejaa, 12.0 imekaribia kuisha. Injini ikiwaka isome kama 14, ikigoma kwenye 12 kamuone fundi, huenda ni oltaneta.

Meseji ikikufikia usiifowadi. Bora uwaambie wakibusti, klipu nyeusi ya mwisho ya zile nyaya ing'ate chuma kitupu cha injini mbali na betri, maana betri inatoa haidrojeni na cheche moja inaweza kuilipua.