Kupakua behewa kwenye reli ya pembeni

Reli ya pembeni ni kipande cha reli kinachochepuka kutoka njia kuu na kupita kando ya ghala au karakana ya mfanyabiashara, ili behewa la mizigo liachwe hapo na treni iendelee na safari. Katika miji midogo ya Marekani, hasa nusu ya kwanza ya karne ya 20, wauza makaa ya mawe, wauza mbao na wenye maghala ya nafaka walijenga kando ya reli hizo. Asiyekuwa na yake alitumia ya stesheni, ambako mkokoteni wa farasi, na baadaye lori, ulisogezwa hadi mlangoni mwa behewa.

Kampuni ya reli ilileta behewa lililojaa, na kulipakua ilikuwa juu ya mpokeaji. Kwa kawaida alipewa saa 48 bila malipo, zikihesabiwa kuanzia saa 1 asubuhi iliyofuata, Jumapili na sikukuu zikiachwa. Zikiisha, alitozwa kwa kila siku ya ziada. Kwa maoni yangu, tozo hiyo ndiyo iliyoamua mfanyabiashara ajenge nini kando ya reli yake.

Makaa ya mawe yanaonyesha hilo vizuri. Behewa moja liliweza kubeba tani 50, na lililokuwa na sakafu bapa lilipakuliwa kwa beleshi tu. Mwenye uwezo aliinua reli juu ya daraja fupi la mbao, akaagiza mabehewa yenye milango chini, na makaa yakaporomoka yenyewe ndani ya vyumba vilivyo chini ya daraja. Wengine waliingiza mkanda wa kupandishia mzigo chini ya behewa na kuyapeleka moja kwa moja kwenye lori. Wakati wa baridi kali makaa yaliganda, na hapo mara nyingi ilibidi kupanda juu na kuyachokoa kwa mitaimbo.

Nafaka ilisafirishwa katika mabehewa ya kawaida yaliyofunikwa, ambayo milango yake ya ubavuni ilizibwa kwa ndani kwa mbao za kupigilia misumari. Mbao hizo ziling'olewa, nafaka ya katikati ikatiririka nje, na iliyobaki kwenye ncha mbili ikasukumwa kwa beleshi katika vumbi zito. Mbao za ujenzi zilitolewa moja moja kwa mkono.

Behewa likihitaji kusogezwa hatua chache, mtu mmoja alichomeka mtaimbo maalumu kati ya gurudumu na reli, akaukandamiza tena na tena, huku mwenzake akikaa tayari kwenye breki ya mkono.

Kuanzia miaka ya 1960 yalienea mabehewa ya nafaka yanayojazwa kwa juu na kumwagwa kwa chini, makubwa yakibeba takriban tani 100. Upakuaji ulirahisika mno, lakini reli nyingi za matawi hazikuhimili uzito huo, na maghala mengi ya vijijini yakalazimika kutegemea malori.