Maiki mbili katika chumba kimoja

Kazi yangu ni kuchanganya sauti za filamu. Kijana akija kujifunza kwangu, kabla hajagusa mtambo wowote namkalisha aangalie kipande kimoja cha Applause, filamu ya Marekani ya mwaka 1929, nyeusi na nyeupe.

Inabidi kwanza nimweleze kazi ilivyokuwa wakati ule. Sauti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia. Kamera zilinguruma, na maiki haichagui cha kusikia, basi kamera ikafungiwa ndani ya kibanda pamoja na mpiga picha wake, akawa anapiga picha kupitia kioo huku jasho likimtiririka. Waigizaji nao hawakuthubutu kusogea mbali na maiki iliyofichwa kwenye mapambo ya mezani. Walisimama palepale, wakapokezana maneno. Filamu bubu zilikuwa zimejifunza kutembea na hata kukimbia. Zilipopata ulimi, zikapooza miguu.

Rouben Mamoulian, Mwarmenia mzaliwa wa Tbilisi, alikuwa akiongoza tamthilia New York na hakuwa amewahi kuongoza filamu. Kampuni ya filamu ya Paramount ikampa Applause, katika studio yake ya Astoria, Queens. Inamhusu Kitty Darling, mwimbaji wa kumbi za wasichana wanaocheza nusu uchi, ambaye umri umeanza kumtupa mkono. Helen Morgan aliyemwigiza hakuwa na zaidi ya miaka 30, lakini alikubali kuonekana mnene na aliyechakaa, jambo ambalo nyota wachache wangelikubali. Binti yake Kitty, April, amelelewa na masista. Anarudi mjini akiwa msichana mkubwa na kumkuta mama yake yuko mikononi mwa mwanamume anayemnyonya.

Usiku wa kwanza, chumbani, binti hapati usingizi. Mama anambembeleza kwa wimbo wa ukumbini, maana ndizo nyimbo anazozijua. Binti ananong'ona sala. Mamoulian alitaka vyote viwili visikike kwa wakati mmoja, tena kamera isogee bila kukata. Mafundi wakamwambia haiwezekani: maiki ni moja, na wimbo utaumeza mnong'ono. Akauliza kwa nini zisitumike maiki mbili, kila moja na njia yake ya kurekodia, kisha sauti ziunganishwe wakati wa kusafisha filamu. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilimbidi apande hadi kwa Adolph Zukor, mkuu wa kampuni, ndipo wakamkubalia. Kibanda cha kamera kikasukumwa kwa magurudumu, na jambo likawezekana.

Leo kila mtu anaweza kurundika mistari mia ya sauti kwenye kompyuta, na nasikia kazi nyingi ambamo kila kitu kimepandishwa juu na hakuna kinachosikika. Mule chumbani mna sauti mbili tu, na kila moja inabeba maisha ya mtu: mmoja ana jukwaa, mwingine ana rozari. Hawajibizani. Nikiisikiliza naelewa tayari kwamba watapendana na bado hawatafikiana, kabla hadithi haijanieleza.

Rekodi yenyewe ina mkwaruzo wa miaka yake. Namwambia kijana afumbe macho, auache mkwaruzo upite, aniambie ni wapi wimbo unashuka ili sala ipate nafasi. Wengi huomba nirudishe nyuma mara ya pili.