"Si ni E. coli wa maabara tu?" Ndiyo, na bado usimmwage kwenye sinki

Wiki hii tena. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, timu yao inajiandaa na iGEM, yale mashindano ya kimataifa ya wanafunzi wanaobadilisha jeni za viumbe, nimemkuta anainamisha chupa ya kalcha, yaani bakteria waliooteshwa kwenye maji yenye chakula chao, kwenye sinki taratiiibu kama anamwaga chai iliyopoa, namuuliza we vipi, ananijibu "si ni K-12 tu, hana neno". Hiyo sentensi nimeisikia mpaka nimechoka jamani.

Haya, K-12, ile aina ya bakteria E. coli ya maabara, kweli ni mpole. Alitolewa kwa mgonjwa huko Marekani mwaka 1922, kazoea kudekezwa maabara, kwenye utumbo wa mtu hata hakai vizuri. Hapo sibishi. Shida sio yeye, shida ni mzigo aliobeba. Mnaniambia "tumeweka jeni ya kung'aa ya konyeza tu", hakuna anayeitaja ile jeni ya kuhimili ampisilini, dawa ya kuua bakteria, iliyo kwenye plasmidi hiyohiyo, kile kipande cha DNA cha duara mlichomwekea, ambayo mnaitumia kuchagua waliopokea mzigo. Hiyo ndo naiogopa mimi. Bakteria wanapeana plasmidi, na hata akifa, DNA yake ikibaki nzima kuna wa kuiokota, mwanasayansi Griffith alishatuonyesha kwa panya na bakteria wa nimonia mwaka 1928. Utaniambia plasmidi za siku hizi zimeondolewa jeni za kujihamisha, najua, uwezekano ni mdogo, ila mililita moja ya kalcha iliyolala usiku ina wadudu zaidi ya bilioni 1, sasa piga hesabu ya mlichomwaga muhula mzima, na huko kwenye bomba wamejaa wa kila aina wanawasubiri.

So kalcha inauliwa kwanza. Otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, au JIK. Na hapa kwenye JIK ndo mnaharibu, mnachukua itifaki, yaani maelekezo ya kazi, ya Marekani inasema moja kwa kumi, nyie mnapima moja kwa kumi, wakati bleach yao ni asilimia 5 na zaidi na ya kwetu dukani mara nyingi ni 3.5. Unapata 0.35, na tunataka angalau 0.5. Someni chupa! JIK sehemu moja kwenye jumla ya saba, pamoja na ujazo wa kalcha yenyewe, nusu saa, na uchanganye leo, sio ile ya wiki iliyopita. Halafu chenye JIK hakiingii kwenye otoklevu, mtatuvutisha klorini sote.

"Tumeweka swichi ya kujiua, kwa hiyo hata akitoroka atakufa." Swichi hiyo ni jeni ya kumuua bakteria mwenyewe, jeni inabadilika, na anayeivunja ndo anayebaki kuzaana. Hata avunje mmoja tu kwenye milioni, kwa ile bilioni yetu wamebaki 1,000 wazima, kwenye mililita moja. Nzuri kwenye bango lenu la mashindano, kwangu haihesabiki.

"Tukaijaribu kijijini, maji ni ya wananchi." Hii inatoka kwa timu za vitambuzi vya maji, yaani bakteria waliobadilishwa waonyeshe sumu kwenye maji, tangu timu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh walipoleta cha sumu ya aseniki mwaka 2006 kila mtu anataka chake. Wazo zuri sana, ila iGEM hawaruhusu kiumbe kilichobadilishwa kutoka maabara, na Kenya kuna sheria ya usalama wa kibayolojia ya 2009, huamki tu ukaenda kumwaga. Leteni maji maabara, ndoo zipo.

"Tepu ya otoklevu imebadilika rangi, tayari." Tepu hiyo ya kubandika kwenye chupa inakwambia joto limepita hapo ilipobandikwa, basi. Chupa ya lita 2 katikati yake inachelewa kufika nyuzi 121, ongeza muda.

Glavu nazo, unavaa halafu unajibu WhatsApp nazo. Simu hiyohiyo unaenda nayo kula chipsi.

Ile chupa ya mwanafunzi iko kwenye beseni la JIK toka saa nne, na mwenyewe anasubiri aje aioshe.