Kila mtu huota, lakini si kila mtu ni mteja

"Watu zaidi ya bilioni 8 wanaota, basi soko ni wote hao." Hesabu hii ya anayetaka kuunda programu ya simu ya kuhifadhi na kuchambua ndoto kwa akili mnemba inapotosha. Kuota si kukumbuka: ndoto nyingi hufutika dakika chache baada ya kuamka. Anayekumbuka naye ana daftari, au mama wa kumsimulia, bure. Soko ni wanaorudi kwenye programu kila asubuhi na kukubali kulipia. Ukitaka kuipima, usiwaulize watu kama wazo ni zuri. Watakusifu kwa heshima tu. Waombe watu 20 wasimulie ndoto zao kwa sauti WhatsApp siku 14, kisha hesabu waliofika mwisho. Na ndoto ni siri nzito: waambie mapema zinahifadhiwa wapi.