"Anaota meno" si jina la ugonjwa

Juzi kwenye raundi ya asubuhi mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili aliniripotia mtoto wa miezi minane: "Sista, anaharisha leo siku ya tatu, joto 38.9, mama anasema anaota meno." Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akatazama faili, akanitazama. "Anaota meno, Sista." Alikuwa ameshaandika. Nimeisoma sentensi hiyo kwenye mafaili mengi mno, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Meno ya utoto ni 20. La kwanza, mara nyingi la mbele chini, huchomoza kwenye miezi 6 hivi, na ya mwisho hutoka mtoto akikaribia miaka mitatu. Pigeni hesabu: ni karibu jino moja kila mwezi. Mshike mtoto yeyote wa umri huo, siku yoyote, utakuta kuna jino linalokuja au lililotoka juzijuzi. Akiugua malaria, anaota meno. Akipata nimonia, anaota meno. Akiwa mzima anagonga sufuria jikoni, anaota meno vilevile. Kitu kilichopo kila siku hakiwezi kukueleza kilichobadilika jana.

Tena angalieni mambo mengine yanayoangukia kwenye miezi hiyohiyo. Kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama imepungua sana. Uji umeanza, na pamoja na uji vimekuja kikombe, kijiko, maji na mikono ya kila mtu nyumbani. Amejifunza kukaa, muda si mrefu anatambaa, na chochote anachokiokota sakafuni, iwe kandambili au kisoda, kinaenda mdomoni. Hiyo ni hatua nzuri ya makuzi, ndivyo mtoto anavyoijua dunia. Lakini darasani mnafundishwa makuzi Jumatatu na kuhara Alhamisi, na hakuna anayewaambia kwamba ni mtoto yuleyule.

Meno yenyewe yanaleta udenda, fizi kuuma, kulialia, kutafuna vidole, usingizi wa mang'amung'amu, na joto kupanda kidogo. 38.9 si kidogo. Hapo tafuta sababu: kipimo cha malaria, masikio, na pumzi uzihesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa haraka.

Nakiri jambo moja. Akina mama wengi huniambia kwamba jino likichomoza, choo cha mtoto hulainika kidogo, na sijawahi kupata ujasiri wa kuwaambia wote wanakosea. Wao wanakaa na mtoto usiku na mchana, mimi namwona dakika kumi. Ninachokataa ni kuhesabu choo cha maji, mara tatu au zaidi kwa siku, kama kazi ya jino. Huko ni kuhara, na kuhara kunaua kwa kukausha maji mwilini.

Turudi kwa yule mtoto. Mama alikuwa anamnywesha maji kwa kikombe cha plastiki. "Anakunywa vizuri," mwanafunzi akaniambia. Nikamwomba mama akiondoe kikombe. Mtoto akakifuata kwa mikono yote miwili, akaukamata ukingo, akalia. Hiyo ni kiu, na ni dalili ya upungufu wa maji. Nikamuuliza mama kama macho ya mwanawe ndivyo yalivyo siku zote, maana yeye ndiye anayeyajua. Akayatazama upya, akasema hapana, yameingia ndani.

Nikafinya ngozi ya tumbo, ikarudi polepole. Hapa niseme ambayo vitabu huyapita harakaharaka. Mtoto mnene, ngozi yake huweza kurudi upesi hata kama amekaukiwa. Mwenye utapiamlo mkali, inachelewa hata kama hajakaukiwa. Mimi na muuguzi mwenzangu tumeshafinya mtoto mmoja tukatoa majibu mawili. Ndiyo maana hatuamui kwa ngozi peke yake, na ndiyo maana baada ya saa nne za matibabu unarudi kumpima upya.

Tukamweka kwenye Mpango B, yaani matibabu ya mtoto aliyepungukiwa maji kiasi: ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa, mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne. Alikuwa na kilo 8, kwa hiyo mililita 600, kijiko kwa kijiko, na kunyonya kuendelee. Zinki miligramu 20 kwa siku, na mama aelezwe aimalize hata kuhara kukikoma.

Linaloniuma zaidi ni meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni. Mnajua ninachosema. Mtoto anaharisha, bibi au jirani anamfunua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, pale chonge itakapotokea. Anapelekwa kwa fundi, ufizi unachimbwa kwa wembe au spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi la jino lenyewe, na wakati mwingine la kudumu linaharibiwa pamoja nalo. Anatufikia bado anaharisha, sasa anavuja damu, kidonda kimeingia uchafu, na hanyonyi kwa sababu mdomo unauma. Kunyonya ndiko kungemrudishia maji.

Mama huyo akisikia nesi naye anataja meno, fundi amepata shahidi aliyevaa sare. Ndiyo sababu nalifuta neno hilo kwenye mafaili yenu, na nitaendelea kulifuta.

Msibishane na mama. Mimi humwambia: "Ni kweli mama, anaota. Na anaharisha pia. Tutibu kuharisha." Kisha namweleza arudi mara moja mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akiwa na damu kwenye choo.

Saa nne zilipotimia nilimtuma mwanafunzi yuleyule akampime. Akarudi na faili, ule mstari ameukata, ameandika: kuhara, upungufu wa maji kiasi, amekojoa mara moja. Nikaenda kuona. Mama akaondoa kikombe, mtoto hakukifuata. Alikuwa ameng'ang'ania kijiko, anakitafuna kwa yale meno yake mawili ya chini.