Mashine ya Geneva haitaimeza dunia: jibu langu refu kwa mama wa Uyole

Wiki mbili zilizopita nilikuwa sokoni Uyole, hapa Mbeya, nikinunua viazi, na mama ninayenunua kwake siku zote akaniita pembeni. "Mwalimu, wewe si ndiye unayefundisha fizikia? Hebu sikiliza hii." Akaniwekea simu sikioni. Ilikuwa sauti ya dakika nne iliyozunguka kwenye grupu la kwaya yao. Msemaji alisema kwamba huko Ulaya wanasayansi wamechimba handaki la duara chini ya ardhi, humo wanagonganisha chembe kwa kasi ya ajabu, na siku moja kutazuka shimo jeusi, yaani kitu kilichobanana mno ambacho hata mwanga hauponyoki mvuto wake, litakaloimeza dunia na vyote vilivyomo. Mama yule alikuwa na shida moja tu. Achukue mkopo wa kikoba anunue mbegu za viazi za msimu huu, au aache?

Nilimwambia achukue. Lakini njiani nikielekea nyumbani jibu langu lilinikera. Alinikubalia kwa sababu ananifahamu, kama alivyomkubali yule wa kwenye sauti kwa sababu alizungumza kwa kujiamini. Nilimbadilishia mtu wa kumwamini, sikumpa kitu cha kupima. Hapa nataka kumpa.

Jambo hili linanigusa tangu zamani. Jumatano ya Septemba 10, 2008, siku mashine hiyo ilipozungusha chembe kwa mara ya kwanza, nilikuwa kidato cha tano mkoani Iringa. Habari ilitufikia bwenini kwa redio. Mwenzetu mmoja hakulala. Kesho yake tuliuliza darasani, tukaambiwa swali hilo halimo kwenye mtihani, tukae chini. Mwezi huo huo vyombo vya habari viliripoti kwamba nchini India msichana wa miaka kumi na sita alijiua baada ya kutazama habari za mwisho wa dunia kwenye televisheni. Tangu hapo sijawahi kumwambia mwanafunzi akae chini kwa swali la namna hiyo.

Mashine yenyewe ni ya kituo cha utafiti kiitwacho CERN, na imelala chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, karibu na jiji la Geneva. Handaki lake lina mzunguko wa kilomita 27 na liko wastani wa mita 100 chini ya ardhi. Ndani yake kuna mabomba mawili yaliyoondolewa hewa, na humo protoni, zile chembe zilizomo katika kiini cha kila atomi, huzungushwa pande mbili zinazokinzana kwa kasi inayokaribia sana ile ya mwanga. Kazi ya kuzipinda zifuate duara inafanywa na sumaku kubwa 1,232 zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. (Heliamu hiyo ni gesi ileile iliyotangazwa mwaka 2016 kuwa imegunduliwa kwa wingi Bonde la Rukwa, hapa jirani yetu. Wengi walishangilia habari ile bila kuambiwa inatumika wapi. Hapa ni mojawapo ya mahali inapotumika.) Katika sehemu nne za duara mabomba yanakutana, protoni zinagongana, na mitambo mikubwa kama jengo la ghorofa inarekodi kila kipande kinachoruka.

Sasa nishati. Tangu Julai 2022 kila mgongano una nishati ya elektronivolti (kipimo kidogo mno cha nishati) trilioni 13.6, na tarakimu hiyo ikitajwa hivyo inatisha. Lakini elektronivolti trilioni moja ni kama nishati ya mbu mmoja anayeruka, kwa hiyo mgongano mzima ni mbu wasiofika ishirini. Upekee wake ni kwamba nishati hiyo imebanwa ndani ya nafasi ndogo kuliko kiini cha atomi. Ni kweli pia kwamba mashine hubeba protoni mabilioni kwa mabilioni kwa pamoja, na msafara wote ukienda kombo unaweza kutoboa chuma. Siku tisa baada ya kuwashwa, Septemba 19, 2008, kiungo kibovu cha umeme kati ya sumaku mbili kiliyeyuka, tani kadhaa za heliamu zikavuja, sumaku zikang'oka mahali pake, na ukarabati ukachukua zaidi ya mwaka. Hiyo ni hatari halisi ya mashine hii, na iliishia ndani ya handaki.

Basi tutajuaje kwamba mgongano mmoja kati ya yote hautazaa kitu cha kutisha? Tutajua kwa sababu migongano hii haikuanzia Geneva.

Nyoosha kiganja chako kiangalie juu. Karibu kila sekunde chembe iitwayo muoni inapenya kiganja hicho, inaupita mwili wako na kuzama ardhini. Muoni huzaliwa juu sana angani, pale chembe zilizotoka mbali mno, nyingi zikiwa protoni, zinapogonga hewa. Tunaziita mionzi ya kosmiki. Mwanafizikia Victor Hess aliigundua mwaka 1912 alipopanda na puto zaidi ya mita 5,000 na kukuta mionzi inaongezeka kadiri anavyopaa. Sisi wa Mbeya, tulio mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tunaipata zaidi kidogo kuliko ndugu zetu wa Dar es Salaam, na anayelima viazi Kitulo anatuzidi sisi.

Nyingi kati ya chembe hizo zina nishati ndogo, ila si zote. Ili protoni inayotoka angani igonge protoni iliyotulia hewani kwa ukali sawa na wa Geneva, inahitaji elektronivolti kama trilioni laki moja. Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu protoni moja tu ndiyo inayokimbia, na sehemu kubwa ya nishati inaishia kusukuma vipande mbele badala ya kutumika kwenye mgongano. Chembe zenye nishati hiyo zipo. Juu ya kila kilomita moja ya mraba hufika, kwa wastani, kama moja kila saa. Mwaka 1991 mtambo mmoja huko Utah, Marekani, ulinasa iliyokuwa na nishati mara elfu tatu zaidi ya hapo. Timu ya CERN iliyotoa ripoti ya usalama mwaka 2008 ilipiga hesabu kwa umri wote wa dunia, wakakuta kwamba anga limekwisha kufanya hapa hapa duniani kazi sawa na ya mashine ile mara laki moja hivi. Wala si dunia tu. Mwezi hauna blanketi la hewa, chembe zinaupiga usoni moja kwa moja.

Anayetaka kuona kitu kilichopigwa hivyo apande basi la Tunduma, ashuke Mbozi na kwenda Ndolezi. Kile kimondo tunachowapeleka wanafunzi kukishika, chuma kinachokadiriwa kuwa karibu tani 16, kilisafiri angani bila kinga yoyote kabla ya kuangukia kwetu. Mionzi ya kosmiki huacha alama katika chuma cha vimondo, na wataalamu huzisoma alama hizo kujua kipande kilizurura muda gani, mara nyingi miaka mamia ya mamilioni. Chuma kimebaki chuma.

Wengi wanaoeleza jambo hili huishia hapo, na mimi mwenyewe niliishia hapo kwa miaka mingi. Kisha mwanafunzi mmoja akaniuliza swali lililonitoa jasho: "Mwalimu, lakini ya angani inapita. Ya Geneva si itabaki?"

Yuko sahihi. Chukua madonge mawili ya udongo kama ule wanaofinyangia vyungu kule Ziwa Nyasa. Ukiyarusha kwa kasi sawa yakutane uso kwa uso, yananatana na kuanguka papo hapo. Ukirusha donge moja ligonge jingine lililotulia juu ya meza yenye utelezi, yanashikana na kusonga mbele pamoja. Geneva ni madonge ya kwanza, anga ni ya pili. Kama mgongano wa angani ungezaa shimo jeusi dogo lisilo na chaji ya umeme, lingetoboa dunia yote na kutokea upande wa pili bila kugusa chochote, nasi tusingejua. La Geneva lingeweza kuwa na mwendo mdogo, likabaki ndani ya ardhi. Kwa hiyo kusema tu "anga limeshafanya" hakutoshi.

Wanafizikia waliuona upenyo huo. Mwaka huo huo wa 2008, Steven Giddings na Michelangelo Mangano walichapisha utafiti mrefu wa swali hilo peke yake. Walianza kwa kukubali kila kitu ambacho mwenye hofu angependa kukubaliwa: kwamba mashimo hayo yanazaliwa, kwamba hayafi, kwamba yanakula. Kisha wakauliza, ni kitu gani angani kizito kiasi cha kulisimamisha hata shimo linalokimbia? Jibu ni nyota zilizokufa. Kibete cheupe ni nyota iliyosinyaa hadi ukubwa wa kama dunia huku uzito wake ukikaribia wa jua, na kijiko cha chai cha mata yake kina uzito wa tani kadhaa. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ina mwenzake wa namna hiyo. Nyota ya neutroni imebanana zaidi, uzito unaozidi wa jua ndani ya mpira wenye upana wa kilomita ishirini na kitu. Nyota hizi nazo zinapigwa na mionzi ya kosmiki, na shimo likizaliwa ndani yake haliponyoki. Kama mashimo hayo yangekuwa na uwezo wa kula dunia katika muda wa kututia wasiwasi, yangekwisha kuzila nyota hizo zamani. Lakini zipo, tunaziona kwa darubini, nyingine zina umri wa mabilioni ya miaka.

Hoja hii naipenda kwa sababu haimtaki mama wa Uyole aamini nadharia yoyote mpya. Inamtaka akubali tu kwamba nyota zipo pale.

Nadharia nazo ziko upande wetu. Kwa fizikia tuliyoithibitisha, nishati ya Geneva inapungukiwa mara trilioni nyingi kuweza kuzaa shimo jeusi. Lingewezekana tu kama anga lina vipimo vya ziada, zaidi ya urefu, upana na kimo, ambavyo hakuna aliyeviona. Na hata likizaliwa, mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba mashimo meusi hupoteza nishati, na madogo huyeyuka upesi mno. Tena shimo jeusi halivuti kwa uchawi. Linavuta kwa kadiri ya uzito wake, na uzito wa hilo ungekuwa mdogo kuliko wa kirusi. Wataalamu wa CERN wamelitafuta katika rekodi zao tangu 2010 na hawajaliona.

Mbona basi hofu haiishi? Nadhani sehemu kubwa ni lugha. Mwanafizikia akiulizwa "una uhakika wa asilimia mia?" anaona aibu kusema ndiyo, kwa kuwa amefunzwa asiseme hivyo juu ya jambo lolote, hata juu ya jua kuchomoza kesho. Anajibu "uwezekano ni mdogo sana." Mwandishi wa habari anasikia kwamba uwezekano upo. Ikifika kwenye grupu la kwaya imekuwa "wenyewe wamekiri." Nalaumu upande wetu zaidi. Mama mwenye mkopo wa kuamua anastahili kuambiwa "hapana" pale ambapo jibu ni hapana.

Lakini sitasema kwamba kuuliza kulikuwa kosa. Mwaka 1942, walipokuwa wakianza kubuni bomu la atomiki, mwanafizikia Edward Teller aliuliza kama joto lake lingeweza kuwasha naitrojeni ya hewa na kuteketeza dunia. Mwanafizikia mwenzake Hans Bethe na wengine walikaa wakapiga hesabu, wakaona moto ungezimika kwa sababu nishati hupotea haraka kuliko inavyozalishwa, na baadaye hesabu hizo ziliandikwa katika ripoti. Waliopeleka mashine ya Geneva mahakamani huko Hawaii mwaka 2008 walishindwa, lakini ninaamini makelele ya watu wa namna hiyo yalichangia majibu yaandikwe vizuri na kuwekwa wazi kila mtu ayasome. Malalamiko yao kwamba wanasayansi hujipima wenyewe ni ya haki. Dawa yake ni hesabu zinazoweza kukaguliwa na mtu wa nje.

Haya yote nilimrekodia mama kwa vipande vya dakika mbili mbili, akavituma kwenye grupu lao. Mkopo ameshachukua. Jana usiku akanitumia sauti: "Nimeelewa, mwalimu, asante. Sasa hizo zinazopita mkononi kila sekunde, mjukuu wangu ninayembeba mgongoni hazimdhuru?"

Nilimjibu hivi: zinampitia yeye na mjukuu kwa pamoja, na zinaacha mionzi kidogo sana mwilini, sehemu ya ile ambayo kila mtu huipata maishani kutoka angani, ardhini na hata kwenye chakula. Hapa kwetu milimani ni zaidi kidogo kuliko pwani, na bibi zake waliishi humo humo. Ambebe tu.